Ngoma Haipigwi kwa Mkuki

Sogeeni, wanangu, maana sauti imebaki kidogo na sitaki kurudia maneno. Daphrose, zima ile redio. Hugues, mwanangu, kaa upande huu; Darius, mukwe wangu, kaa upande ule, na musitazamane kama majogoo, mi sijafa bado.

Nyumba hii ya hapa mtaani Jabe ni ya mama yenu mpaka Mungu amuite. Cherehani ni ya Daphrose. Hilo limekwisha. Linaloninyima usingizi ni jeneza: jana niliwasikia barazani mukigombea nembo ya kuweka juu yake. Hugues anataka ile ya kikosi chetu cha zamani, ngoma na mkuki. Darius, aliyetoka porini kwa waasi, anataka ile mpya, ngoma na mirisho miwili, yaani vijiti vyake. Maiti bado hajapatikana, nanyi mumeanza kumuvika.

Basi sikilizeni, kwa kuwa zote mbili zilipita mikononi mwangu, fundi wa kushona wa kambi. Ngoma ni nchi. Hiyo hakuna aliyeigusa. Mkuki niliufuma miaka mingi bila kuuliza. Vita vilipokwisha, wakatuchanganya na watu wa porini, waliowindana wakalala bweni moja, na mukubwa wetu akaniagiza nembo mpya. Nikautazama ule mkuki, nikacheka peke yangu: ni mutu gani anapiga ngoma kwa mkuki? Ngozi itapasuka. Nikaufumua, nikaweka mirisho miwili, kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa.

Wanasema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Kwa ninyi ningelima mpaka Mutakura, upande wa pili wa mji. Tangu Darius amuoe Daphrose munakula kwangu kwa zamu, mmoja akiingia mwingine anatoka, na hilo limeniuma kuliko hiki kifua.

Chini ya mto kuna kitambaa. Nimefuma ngoma na mrisho mmoja. Wa pili, mkono umekataa. Hugues, tunga uzi. Darius, mushikie kitambaa... apana, karibu zaidi, magoti yagusane. Mrisho huo usipokwisha, munizike bila nembo, na siku ya kuganduka, mukiondolewa matanga, musiseme mbele ya watu kwamba niliacha wana wawili wa kiume.

Mungu awa... awape mikono mizuri. Daphrose, fungua dirisha, hawaoni vizuri. Polepole, Hugues. Usimuchome ndugu yako.