Mama Kaswera Godelive na Mvua ya Kompyuta

Mama Kaswera Godelive alizaliwa Lubero tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa nne wa baba Katsuva na mama Musoki. Alisoma kwa masista mpaka akapata diploma ya ualimu mwaka 1976. Muzee Kambale Honoré, mume wake, hakusoma. Siku ya ndoa yao, Bunia, Agosti 1979, bibi arusi ndiye aliyeushika mkono wa bwana arusi ili jina liandikwe.

Alifundisha hesabu hapa Bunia. Vita vilipokuja, walikimbia. Waliporudi mtaani kwao Ngezi, nyumba haikuwa na bati hata moja. Akafundisha tena.

Mwaka 2013 shirika moja lilimfundisha programu ya kompyuta yenye kufanya hesabu zitembee kama sinema. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza: nani anachota maji wapi, nani ameharisha. Kisha akatia yote katika kompyuta, akamwita mume wake aone. Mvua inanyesha juu ya Ngezi, maji yanashuka kutoka vyooni, yanaingia katika kisima cha bondeni. Nukta za bluu zinageuka nyekundu.

"Vidudu gani hivi?" muzee akauliza.

"Si vidudu, Honoré. Kila moja ni mutu. Huyu ni weye, unaenda kuchota."

"Na ng'ombe yangu iko wapi?"

Godelive alicheka mpaka machozi. Kesho yake kulikuwa na nukta yenye pembe.

Tarehe 14 Machi 2015 aliionyesha mvua ile mbele ya wakubwa wa mtaa. Aliomba jambo moja: kisima kile kifungwe. Wakapiga makofi. "Madame, hii mvua ni ya kweli kabisa! Turudishie tena!" Akawarudishia. Mmoja akasema nyekundu inaogopesha wageni, heri aweke kijani. "Wagonjwa si majani," akamjibu. Wakacheka, wakanywa soda, wakapigwa picha, wakaenda zao.

Oktoba mvua yenyewe ikanyesha. Ikapita palepale. Mtoto wa mama Espérance, jirani yao, akashikwa na kipindupindu. Godelive alimwosha, akambeba mpaka hospitali. Mtoto alipona. Godelive mwenyewe alianza kuharisha Jumatano. Ijumaa tarehe 23, alfajiri, alikata roho.

Wenye kupiga makofi wako hapa leo. Wamevaa vizuri, wameleta maua. Muzee hataki maua. Maji ya kunawa mikono mkitoka makaburini yametolewa mbali, maana kisima kingali wazi. Jioni binti yake Bénédicte ataionyesha ile mvua ukutani, kwa nyumba. Musipige makofi. Kesho asubuhi muzee atakuwa kisimani na jembe lake. Mwenye mikono aje.

Ameacha mume, watoto watatu, Bénédicte, Emery na Monique, wajukuu, na ng'ombe mmoja.

Mama Godelive apumzike kwa amani. Siye, bado.