Gari la Goti Lisilokunjika: Tunamuaga Mzee Cheche

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuunga kila kilichovunjika katika hospitali yetu isipokuwa mifupa, Mzee Cheche anastaafu. Kazi ya kuandika wasifu wake imemwangukia mtunza stoo. Si kwamba mtunza stoo anajua kuandika. Mafundi wa karakana walipoulizwa nani ataandika, wote walikumbuka ghafla kwamba wana kazi ya haraka juu ya paa.

Mzee Cheche aliingia hapa akiwa kibarua wa kubeba mitungi ya gesi. Siku alipokabidhiwa mashine ya kuchomelea kwa mara ya kwanza, alipewa kitanda cha chuma kilichokatika mguu. Alikichomelea kwa moyo wote, na mguu ukashika barabara. Tatizo ni kwamba ulishika kitanda na ukashika pia meza ya karakana. Wauguzi walipofuata kitanda chao walikuta kimefunga ndoa. Hadi leo kila fundi mpya huonyeshwa kovu lililopo juu ya meza ile, na anayelionyesha kwa fahari ni Mzee Cheche mwenyewe. Hata jina la Cheche hakulipata kwa ufundi. Alilipata kwa sababu koti lake la kazi lilitobolewa na cheche likawa na matundu mengi kuliko chandarua.

Lakini mtu huyu anayejicheka hivi ndiye aliyetengeneza machela zinazopita wodini bila kupiga kelele za toroli la sokoni. Ndiye aliyewaundia wakunga kitanda ambacho mgongo wake hupanda na kushuka. Alisisitiza kukijaribu yeye kabla ya mama yeyote, komeo likagoma, akabaki amekunjwa katikati kama barua. Wakunga walimtoa salama na kumpongeza kwa kujifungua. Kesho yake komeo lilibadilishwa, na kitanda kinatumika mpaka sasa.

Hata hivyo, kazi yake kubwa kuliko zote hakuifanyia hapa kazini. Aliifanyia nyuma ya nyumba yake, chini ya kibanda cha mabati.

Mkewe ni fundi cherehani. Baada ya kuumia goti na kufanyiwa upasuaji, mguu wake wa kushoto ulipona lakini haukunjiki tena. Katika gari lolote ilimbidi aketi upande upande kwenye kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya kiti, akitazama dirisha kama mzigo uliosahaulika. Taratibu akaacha kutoka. Dada yake mkubwa, anayeishi ng'ambo ya mji, akawa wa kusikika kwenye simu tu. Ndipo mumewe alipotangaza kwamba atamjengea gari ambalo ataketi mbele, akitazama mbele, na mguu umenyooka.

Alinunua mabaki ya kigari cha mizigo, injini nzima, bodi imeliwa na kutu. Kuanzia hapo hakuna kifaa cha dukani kilichofaa. Reli za kiti zilipaswa kuwa ndefu kupita kawaida, sakafu ya mbele ishushwe, mlango uwe mpana, na bawaba zake ziweze kubeba uzito huo. Kila kimoja alikikata, akakikunja na kukichomelea mwenyewe. Sisi wenzake tulikwenda kumsaidia kila Jumamosi, na msaada wetu ulikuwa wa aina mbili: kunywa chai na kutoa ushauri. Mtunza stoo alikabidhiwa kushika bati lisiteleze. Liliteleza.

Mkewe naye alikuja na utepe wake wa kupimia, kwa sababu mumewe alikuwa akipima kwa jicho. "Baba watoto," alimwambia mbele yetu, "mimi nikikosea nguo, nafumua. Wewe chuma utakifumua?"

"Chuma changu hakifumuki," alijibu, na sote tuliokuwa na vikombe mkononi tukaitikia kama kwaya.

Siku ya majaribio alilileta gari hapa, kwenye mteremko unaopita kando ya ukuta wa hospitali. Ndani walikuwamo yeye kwenye usukani, na kwenye kiti cha nyuma dereva wa gari la wagonjwa na mtunza stoo. Kiti cha mbele cha mama, mkewe, kiliachwa wazi kwa heshima. Tuliteremka vizuri sana. Katikati ya mteremko Mzee Cheche akakanyaga breki, na pedali ikalala chini kama mbuzi aliyechoka. Kishikio chake kilikuwa kimeachia pale kilipochomelewa. Dereva wa gari la wagonjwa, mtu aliyezoea hatari, alipiga kelele. Mzee Cheche akavuta breki ya mkono na kukata kona kuingia uwanja wa dobi, tukapita katikati ya kamba za nguo na kusimama tukiwa tumefunikwa shuka za wodi.

Hakuna aliyeumia. Mama dobi alikuja, akainua shuka moja, akatutazama watu wazima watatu chini yake. "Kama mnataka kulazwa," alisema, "si mngepita mapokezi?"

Tulicheka mpaka machozi. Mzee Cheche hakucheka. Alishuka, akazunguka upande wa pili, akaweka mkono juu ya kile kiti kitupu. "Angekuwa amekaa hapa," alisema.

Jumatatu yake alifanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya. Karakana yetu ina fundi anayeitwa Dada Tupa, kwa vile hakuna kazi inayotoka mikononi mwake kabla ya kusuguliwa kwa tupa mara ya mwisho, na baada ya hapo mara ya mwisho kabisa. Mzee Cheche ndiye aliyemfundisha. Enzi hizo mzee alikuwa akipiga kwa nyundo nzito kila kiungo alichochomelea binti, na kilichoachia kilirudiwa. Binti alilia zaidi ya mara moja. Sasa mzee alimfuata, akamwekea nyundo ile ile mkononi na kumwomba aende nyumbani kwake akapige kila kiungo cha lile gari.

"Mzee, shikamoo, nakuheshimu," Dada Tupa alisema, "lakini mimi siwezi kupiga kazi ya mwalimu wangu."

"Kazi ya mwalimu wako imefunikwa shuka za watu. Piga."

Alipiga. Kiungo cha kwanza kilishika, cha pili kikashika. Cha tatu, cha reli ya kiti cha mama, kiliachia kwa pigo moja. Chini yake rangi ya zamani ilikuwa bado ipo. Kwa haraka ya kumaliza, mzee alikuwa amechomelea juu ya rangi na kutu, kosa ambalo lingemnyima kibarua wetu chai. Kwa nje mshono ulikuwa mzuri kama wa shanga, ila ndani haukushika kitu. Na sisi washauri tuliousifu kila Jumamosi tulitazama viatu vyetu.

Akafumua, kweli. Kila kiungo chenye shaka kilikatwa, chuma kikasuguliwa mpaka kikang'aa, kikaungwa upya. Safari hii Dada Tupa ndiye aliyeshika mashine kwenye breki na kiti, na Mzee Cheche akawa msaidizi wake, akishika taa na kutumwa kuleta hiki na kile. Alitumwa sana. Alikwenda bila kunung'unika, ila mara moja alileta spana isiyofaa, naye akaambiwa maneno ambayo tuliyatambua: yalikuwa yake mwenyewe, ya miaka aliyokuwa akimfundisha.

Mkaguzi wa magari alilizunguka gari, akalisukuma, akalala chini yake, akalipitisha. Alipouliza ni gari la aina gani, mama alitangulia kujibu kutoka kiti cha mbele, mguu umenyooka: "La kwangu."

Safari ya kwanza ilikuwa kwa dada yake. Tunaambiwa Mzee Cheche aliendesha polepole hata baiskeli zikawa zinampigia kengele zikimpita, mpaka mkewe akamwambia aongeze mwendo, yeye si yai. Wale ndugu wawili walipokutana hawakuingia ndani ya nyumba. Dada mtu aliingia garini, akaketi nyuma, na mzee akaambiwa awazungushe mjini mpaka mazungumzo yaishe. Mafuta ndiyo yaliyotangulia kuisha.

Tokea hapo karakana yetu ina kanuni mpya. Kiungo chochote kitakachobeba mtu hakipigwi nyundo na aliyekichomelea. Hupigwa na mwenzake. Kanuni hiyo aliiandika Mzee Cheche kwa chaki ukutani, na ilipofutika akaichonga kwenye bati. Vitanda, machela na viti vya magurudumu vinavyotoka kwetu sasa vimepita chini ya kanuni hiyo. Kwa hilo tunamshukuru, sisi, wauguzi, na wagonjwa ambao hawatajua kamwe kwa nini hawakuanguka.

Dada Tupa ameteuliwa kuwa mkuu wa karakana kuanzia wiki hii. Juzi alimkuta mzee amevaa kinyago cha kuchomelea na kuinamia mguu wa meza ya famasi, muda wa kazi umekwisha zamani. Akazima mashine na kutoa amri yake ya kwanza: "Mzee, huo niachie mimi. Nenda nyumbani, mama uliyemwacha getini ndani ya gari anapiga honi."

Mzee Cheche alivua kinyago na kumkabidhi mkononi. Akaitika, "Ndiyo, mkuu," akaenda.

Mzee wetu, asante kwa chuma na kwa kicheko. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na siku nyingi nzuri pamoja na mama.