Meli ya Maelfu na Mama wa Chumba cha Nyuma

Benchi lenyewe liliegemea ukuta kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya fundi friji, chini ya roshani iliyozuia jua mpaka karibu na adhuhuri. Mguu wake mmoja ulishavunjika zamani, wakauwekea tofali. Pembeni alikaa Shangazi na birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Wenye benchi walikuwa wanne. Kwanza Kamusi, karani mstaafu wa posta, mtu ambaye kila neno analijulia maana, na akikosa anaitunga papo hapo. Wa pili Kepteni, dereva wa lori, aliyepata jina hilo kwa sababu ya kofia yake nyeupe. Maji pekee aliyoyazoea ni ya rejeta. Wa tatu Baridi, fundi friji, aliyeitwa hivyo kwa kazi yake na pia kwa tabia yake ya kuwazima wenzake kila wanapopata moto. Kinyozi alikuwa wa nne, na siku hiyo ndiye aliyekuwa na jambo.

Mdogo wake wa kike, aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo akaolewa hukohuko, alikuwa amempigia simu asubuhi.

"Kaka," alimwambia, "nataka tukae pamoja wiki nzima, wote, mama akiwa bado anatuita kila mtu kwa jina lake. Kuna mambo mawili. Ile meli kubwa ya kitalii, au nyumba ya wageni kule milimani, kimya kabisa, watu wachache. Gharama niachie mimi. Wewe ndiye unayeishi na mama, basi chagua wewe. Jioni nataka jibu."

Kinyozi alijibu "sawa" kama mtu anayejua anachokisema. Halafu akamnyoa mteja wake wa kwanza sharafa moja juu, nyingine chini. Alipomaliza kuomba radhi, alitoka nje akajitupa kwenye benchi na kuwaeleza wenzake yote.

— Meli! — Kepteni akaruka, kahawa ikammwagikia vidoleni na wala hakujali. — Bwana wee, na unakaa hapa unafikiria? Mimi ningekuwa nimeshavaa.

— Ungevaa nini? — Baridi akauliza. — Kofia unayo. Kilichobaki ni kuogelea.

— Nani aogelee? Zile meli hazizami kwa mawazo ya fundi friji. Ghorofa kwa ghorofa! Ukisimama chini ukatazama juu, kofia inaanguka.

— Mimi nauliza kama inatufaa, — kinyozi akasema. — Siulizi kama ni kubwa.

— Kufaa, — Kamusi akadakia, akikohoa kidogo kama anayefungua kikao, — ni kitu kukukaa vizuri, kama kiatu. Sasa kiatu hukipimi kwa ukubwa wake, unakipima kwa mguu. Tuletee miguu ya nyumba yako, tuipime mmoja mmoja.

Wakakubaliana. Wakaanza na mke wa kinyozi, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke ambaye hata ndotoni anakoroga sufuria.

— Huyo hana mjadala, — Kepteni akasema. — Melini wanapika wao. Wanaosha wao. Unakula, unasukuma sahani mbele, unaondoka kama waziri. Mlimani je? Mlimani ataingia jikoni kuwaonyesha wanavyokosea.

Hapo hata Baridi aliitikia kwa kichwa, maana wote walimjua shemeji yao.

Ukaja mguu wa kijana, mtoto wa kinyozi, aliyefika ule umri wa kuota ndevu tatu na kutokaa mahali pamoja.

— Mabwawa ya kuogelea, sinema, ukuta wa kupanda kwa kamba, yote humohumo, — Kepteni akasema. — Mtamwona wakati wa kula tu. Mkimpeleka mlimani akakae kimya wiki nzima, atawauzia mbuzi wa watu.

— Inayumba, — Baridi akasema. — Semeni yote. Inayumba, mtu anatapika.

— Lori tupu ndilo linalorukaruka, — Kepteni akamjibu. — Lenye mzigo linatulia. Sasa ile imebeba mji mzima, itarukaje?

— Ina mapezi, — Kamusi akasema. — Chini ya maji, ubavuni, kama samaki. Yanatoka nje kuituliza.

Wakamcheka mpaka Shangazi akatikisa kichwa. Ndilo jambo pekee la kweli alilosema Kamusi asubuhi ile, na ndilo pekee ambalo hawakuliamini.

Basi mambo yakapanda moto. Kepteni akaapa kwamba shemeji yake aliiona moja ikiingia bandarini: mvua inanyesha mbele, nyuma watu wanaanika nguo. Nahodha wake, akasema, kama leo anataka kukata kona, jana yake anaanza kuifikiria. Kamusi akamzidi kete kwa habari ya bwana mmoja aliyeinuka mezani kutafuta chumvi, akapotea ndani ya meli, wakaonana tena na mkewe siku ya kushuka. Na chumvi alikuwa nayo mkononi.

— Mkewe hakumtafuta? — kinyozi akauliza, akicheka bila kupenda.

— Atamtafutaje? Alikuwa bado hajamaliza kutembezwa.

Walimgeukia Baridi wakisubiri maji ya barafu. Baridi alikuwa anakizungusha kikombe.

— Vyumba vyao ni vidogo, — alianza. — Kuna vingine havina hata dirisha, unaamka hujui kama kumekucha. Na foleni. Foleni ya kula, foleni ya kushuka, foleni ya lifti. Watu maelfu kwa maelfu. Hayo mimi nasema ili asije akasema hatukumwambia. — Akaweka kikombe chini. — Lakini friji zao, jamani. Mimi hapa friji moja ya duka la soda inanitoa jasho wiki nzima. Wao wana vyumba vya baridi mtu anaingia na toroli, samaki kwake, nyama kwake, mboga kwake, maua kwake. Katikati ya jua, katikati ya maji ya chumvi yanayokula kila chuma. Na hakuna kinachoganda kupita kiasi, wala kinachoyeyuka. Kuna mtu mle ndani, hakuna abiria anayemjua, halali vizuri kwa ajili ya maziwa ya watoto wa watu. Mimi, — akaweka mkono kifuani, — ningekwenda kumsalimia huyo tu. Kisha nirudi.

Kepteni alivua kofia yake, akaipangusa, akaivaa tena.

— Basi imebaki mama, — kinyozi akasema.

Hapo ndipo palipokuwa pazito. Mama yake alikuwa mtu mzima sana, magoti yamemchoka, anatembea na mkongojo. Kutwa anashinda chumba cha nyuma, dirisha lake linatazama ua. Habishi, hagombi. Ukimuuliza kula, anakula. Kinyozi alijua, kama wote wanavyoyajua mambo haya wasiyoyasema: wiki hiyo huenda isirudi tena.

— Mama ni mtu wa utulivu, — akasema. — Kelele zile zitamuua. Maelfu ya watu! Nimempa chumba cha nyuma kusudi asisikie hata honi.

— Hapo kweli, — Kepteni akakubali kwa huzuni, kama anayeiona meli ikiondoka bila yeye. — Mama ni mlimani.

— Mlimani, — Baridi akasema.

— Utulivu, — Kamusi akamalizia, — ni haki ya mzee.

Kinyozi akatoa simu mfukoni. Wakati huo mpangaji mpya wa ghorofani, mwanamke wa makamo anayeshona mapazia, alikuwa amesimama mbele ya birika na kikombe chake akisubiri kumiminiwa.

— Samahanini kaka zangu, — akasema, — si mazungumzo yangu. Huyo mama anapenda nini?

— Anapenda utulivu, — kinyozi akamjibu.

— Aliwaambia?

Kinyozi akawageukia wenzake. Akamtazama Kamusi, na Kamusi akatazama tofali la benchi. Kepteni alianza kusema kwamba mama yake yeye alipenda ndizi za kukaanga, akakatika katikati. Zile mama alimkaangia yeye Kepteni, na hakumbuki kumwona akizila. "Wangu alipenda redio," Baridi akasema, halafu akajirekebisha polepole: "Hapana. Ile ilikuwa ya baba."

Mwanamke akachukua kahawa yake, akashukuru, akapanda ngazi. Kinyozi akarudisha simu mfukoni, akafunga kibanda, akaingia nyumbani kwake, jirani na kibanda, kupitia mlango wa nyuma.

Mama alikuwa kitandani, ungo mapajani, anachambua mchele.

— Mama, shikamoo.

— Marahaba. Mbona mapema? Nani kafa?

— Hakuna aliyekufa. Nataka kukuuliza. Wewe unapenda nini?

— Chochote mtakachopika.

— Si chakula, mama. Wewe mwenyewe. Unapenda nini?

Mama akaacha kuchambua. Akamtazama mwanawe usoni kama anayetafuta homa. Halafu akatabasamu, kwanza kidogo, kisha meno yote yaliyobaki yakatoka.

— Napenda watu, — akasema.

— Watu gani?

— Wengi. Nisiowajua. Kabla baba yako hajanioa nilikuwa nakata tiketi stesheni ya reli. Dirisha langu lilikuwa dogo hivi. Wanapita, wanapita, kila mmoja na mzigo wake na hasira zake, huyu anamfuata mume, yule anamkimbia. Jioni narudi nyumbani nimeshiba kabla sijala. Baba yenu akawa mtu wa kimya, nikanyamaza naye. Akafa. Nanyi mkanileta chumba hiki, mkasema kizuri, hakina kelele. Nikasema asanteni.

— Mbona hukusema, mama?

— Mlikuwa mmeshakipaka rangi.

Kinyozi akakaa kitandani karibu naye. Akamweleza habari ya meli na ya nyumba ya milimani. Ya meli hakumficha kitu: vyumba vidogo, foleni, lifti, makelele, maelfu ya watu kutoka kila upande wa dunia. Kila alipotaja kero, mama aliuliza kama anayeonyeshwa kitambaa dukani.

— Foleni ndefu?

— Ndefu.

— Na mtu mwenye magoti mabaya anaruhusiwa kukaa tu, akawatazama?

— Hata kutwa nzima.

Mama akaweka ungo chini.

— Mwambie mdogo wako anikatie tiketi, — akasema. — Nani anaacha kitu kama hicho akapande mlima?

Wakaenda. Kinyozi mwenyewe, ukweli usemwe, alihangaika: zile korido zinafanana mno, na siku ya kwanza alifungua mlango akakuta mzungu na taulo. Chumba kilikuwa kidogo kama Baridi alivyosema, ukitaka kugeuka lazima umwombe mwenzako atoke. Lakini mkewe alilala mchana, kitu ambacho hajakifanya tangu waoane, na akaamka akauliza nani kapika, na alipoambiwa si yeye akalala tena. Kijana walimwona mezani.

Mama alijipatia kiti chake katika ukumbi mkubwa ngazi zinapokutana, mkoba mapajani, mkongojo pembeni. Asubuhi anashushwa kwa lifti, jioni anapandishwa. Wahudumu wakamjua, wakawa wanamsalimia kwa kupiga mguu kama askari. Alipata rafiki, bibi mmoja wa nchi nyingine ambaye hawakuelewana hata neno. Wakashinda wakionyeshana makovu ya magoti na kucheka. Siku moja kinyozi na mdogo wake walisimama ghorofa ya juu wakamtazama bila yeye kujua. Watu walikuwa wakimiminika kutoka kila mlango, na uso wa mama ulikuwa unakwenda na huyu, unarudi na yule, umechangamka kama wa msichana. Mdogo wake akamshika mkono. Wakasimama hivyo mpaka kengele ya chakula.

Waliporudi, kinyozi alikihamishia kitanda cha mama chumba cha mbele. Kisha akatoka kwenda kuhojiwa benchini. Kepteni alitaka habari za nahodha, Baridi alitaka habari za friji, na Kamusi alikuwa tayari kumsahihisha. Kabla hajajibu, mlango wa mbele ukafunguka, mkongojo ukagonga sakafu, na mama akajitokeza barabarani na khanga yake safi.

— Sogeeni, — akasema.

Kepteni alisogea mpaka akabaki nusu hewani. Shangazi akammiminia kahawa bila kuulizwa. Kamusi alikuwa ameshaanza kumweleza jinsi meli inavyoelea, lakini mama aliinua kidole taratibu, macho yake yakiwa ng'ambo ya barabara, ambako kijana mmoja alipita na godoro kichwani.

— Yule ni nani? — akauliza. — Na anahamia wapi?

Wakatazamana. Hakuna aliyejua.

— Basi mwiteni, — akasema mama, akijitengenezea nafasi ya mkongojo, — tumuulize.