Maji ya Kisima Yaliyonukia Udi

Kwenye kivuko cha Pangani, tukielekea Bweni, kijana mwenye sanduku la chupa aliulizwa anauza nini. Akasema hauzi, anapima visima, maana petroli imevuja ardhini kwenye kituo kimoja cha mafuta pale mjini.

Bi Semeni, aliyekaa ubavuni pangu, akaruka. "Mimi naishi nyuma ya kituo hicho! Kisima changu chanuka, na maji yenyewe nampelekea dada yangu ashuhudie." Akatoa chupa kikapuni.

Kijana akaifungua, akanusa. "Mama, mbona haya yananukia udi?"

"Chupa nimeifukiza kama mtungi. Nitampaje mtu maji yanayonuka?"

"Lakini harufu hiyo ndiyo ninayoitafuta!"

"Basi hukufunzwa adabu, mwanangu." Hapo nilimuunga mkono, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kijana akashika kichwa. "Na chetezo cha makaa ulikiweka wapi?"

"Kando ya ndoo ya hayo hayo maji."

"Moto na petroli, mama! Na hakikutokea kitu?"

"Hakikutokea kitu," akasema Bi Semeni, akiushusha mtandio hadi machoni.

Kivuko kikagota Bweni. Upepo ukaupeperusha ule mtandio, nikaziona nyusi zake. Zote mbili zilikuwa za kuchora kwa wanja.