Arlene na Timu Isiyoshinda

Septemba hiyo basi la kwenda uwanjani lilikuwa nusu tupu, kwani Korongo wa Ohio, timu ya besiboli, walikuwa wameshindwa mpaka watu wakachoka kuwatukana. Arlene alivaa fulana ya marehemu mumewe, ikimpwaya.

“Mama, unakwenda kutazama msiba?” mzee wa kiti cha jirani akamchokoza.

“Mume wangu hakukosa mechi ya besiboli. Nikimwuliza anafuata nini, alikuwa akinijibu, ‘Njoo utaona.’ Tangu tumzike, naja.”

“Umeona nini?”

“Sijaona kitu, mzee wangu. Jana walibahatika kushinda, nikalia kama mtoto. Hata sijui kwa nini.”

Mzee akakuna kidevu. “Pengine hakukuwa na cha kuona. Alitaka uje tu.”

Arlene akamgeukia, asijue acheke au amgombeze. Basi likasimama uwanjani.