Viti Mlivyokalia ni Vyake

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mdogo wangu, mimi ni kaka yake, dereva wa malori ya masafa marefu, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii si kwa sababu nasoma vizuri, bali kwa sababu familia ilipokaa jana kumtafuta mtu wa kusimama hapa, shemeji yangu alisema, "Mpeni huyo, yeye hana aibu," na kwa miaka yote niliyozunguka nchi za watu nami nilijua hivyo, mpaka leo asubuhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mlinzi wa ghala na mkewe mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari hadi 1989, na katika miaka hiyo yote alinifanyia hesabu zangu ingawa nilimtangulia madarasa mawili, jambo ambalo marehemu mama aliniomba nisilitaje mbele za watu. Mwaka 1991 alihitimu chuo cha uhazili, na tarehe 1 Julai 1992 akaajiriwa idara ya maji kuwa karani wa masjala, kazi aliyoifanya mpaka maradhi yalipomzuia.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, katika sherehe ambayo mkodisha viti alilipwa asionekane, wageni wakasimama, mama mkwe akakalishwa juu ya kreti la soda, na bibi harusi akatabasamu kwenye kila picha huku akininong'oneza, "Kaka, hili halimpati mtu mwingine nikiwa hai." Kabla mwaka haujageuka alinunua viti vyake vya kwanza vya plastiki, vyeupe, akakitia kila kimoja tone la rangi nyekundu ya kucha upande wa chini ili visichanganyike na vya wengine, na hapo ndipo watu walipoanza kumwita Mama Viti, jina ambalo halikuwamo kwenye karatasi niliyokabidhiwa jana, kwa maana karatasi hiyo ilisema alikuwa mtumishi wa idara ya maji, mke na mama, basi.

Halikuwamo kwa sababu tulimwonea aibu, na nikiwa safarini nilikuwa nawaambia madereva wenzangu kwamba mdogo wangu ni bosi wa masjala, nikiishia hapo.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1998 na kijana aliyezaliwa tarehe 21 Septemba 2002, ambao walikulia kwenye sebule iliyojaa viti mpaka darini na isiyokuwa na pa kukaa, kwa kuwa kila kiti kilikuwa na safari yake, wakala juu ya kitanda cha wazazi, wakasoma kwenye ngazi za mlangoni, na shemeji akasahihisha madaftari wima kama yuko darasani. Mchana marehemu alikuwa na faili, wakati wa mapumziko akipiga simu za wateja nyuma ya jengo, jioni akipika na kusugua viti uani kwa zamu, huku akiwauliza watoto tebo za kuzidisha kupitia dirishani, na Jumamosi akitembea nyuma ya mkokoteni, mkono mmoja ukishikilia viti visidondoke. Siku moja mteja alipiga simu ya ofisi akiulizia Mama Viti, ikapokelewa na mkuu wake, ambaye alimwita akamwambia, "Mama, chagua, faili au viti," naye akajibu kwa adabu, "Mkuu, lile faili ulilolitafuta wiki nzima, nani alikuletea?" na mazungumzo yakaishia hapo hadi mkuu alipomwoza binti yake na kuja mwenyewe kubisha hodi kuomba viti. Mkuu yupo hapa mbele, naona anacheka, asante mkuu.

Kwenye msiba hakumtoza mtu, wala hakwenda kudai viti vyake baadaye, akisema, "Utamwambiaje mtu anayelia, hebu inuka nichukue kiti changu?"

Novemba 2021, binti yake alipohitimu chuo, alimwambia, "Mama, siku hiyo njoo kama mama za wenzangu, usije na mkokoteni," naye akakubali, akaazima gauni la kijani, lakini njiani akawakuta wasukuma mkokoteni wake wamekwama na viti vya harusi, akashuka kwenye basi kuwakwamua, akafika viti vya ukumbini vimejaa, akasimama karibu na mlango mpaka mwisho. Sisi wa familia tulimwona, pindo la gauni lina tope, na kila mmoja akajifanya anasoma ratiba, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa wazi, nilikuwa nimekiwekea koti.

Februari 2023 aligundulika ana maradhi ya figo, viti vikauzwa kidogo kidogo kwa ajili ya matibabu mpaka sebule ikabaki tupu, na tarehe 9 Agosti 2024, alfajiri, akafariki dunia mikononi mwa mumewe.

Kwa kuwa nyumba ya Mama Viti haikuwa na viti, jana tuliomba kila jirani aje na alivyonavyo, na leo asubuhi binti yake, akifuta umande, alipindua kimoja, kisha cha pili, kisha akaniita, "Mjomba, njoo uone," nikakuta tone jekundu, na jingine, na jingine, kwenye viti vya dukani, vya famasi, vya idara ya maji, na kwenye vinne vilivyoshuka kutoka kwenye gari langu mimi, nilivyoazima kwenye msiba wa baba nikisema nitavirudisha wiki ijayo. Tafadhali msiviinue sasa kutazama, mtamwaibisha jirani, na ninyi pia mtaaibika.

Shemeji alitazama, akaichukua ile karatasi, akasema, "Andika viti," na ndiyo maana mmesikia mliyosikia. Tutakapoinuka kwenda makaburini viacheni hapohapo, mkokoteni uko nje, binti mwenyewe ameuleta, na jioni atatembea nyuma yake mpaka mtaa wa pili, ambako nako kuna msiba na wameshaulizia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, wafanyakazi wenzake waliomshikia faili alipozidiwa, na ninyi majirani, mliovitunza viti vyake bila kujua, au mkijua.

Mdogo wangu, koti nimeliondoa. Kaa sasa, pumzika kwa amani.