Mama Alisema Hapo Nisilime

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo sikuja kunong'ona.

Mimi ni mwalimu hapa Bombambili. Ndoa yetu ilikaa miaka tisa bila mtoto. Mimba iliingia moja tu, ikaharibika ikiwa na miezi miwili. Mama mkwe, kule Madaba, aliizika migombani kama wafanyavyo akina mama wa kwao, hata pahali sikuonyeshwa. Akaniambia, "Usilie. Haijawa mtu." Nikameza machozi, na uchungu ukabaki humo humo.

Baadaye tulikwenda Dar es Salaam, madaktari wakaunganisha mbegu zetu maabarani. Vikapatikana viinitete vitatu. Kimoja ndicho huyu binti yangu Tulizo, anayewasumbua hapo mbele. Viwili viligandishwa.

Mwaka jana hospitali ikatutumia fomu: vitunzwe, au viteketezwe? Mume wangu akasema, "Mama Tulizo, hizo ni chembe tu." Padre akasema ni watu, tena akanikemea kwa njia tuliyopitia. Mwalimu mwenzangu, Mwislamu, akasema roho hupulizwa baadaye. Kila mtu ana jibu, na kalamu ninayo mimi! Nikakumbuka lile "haijawa mtu", nikaweka vema kwenye "viteketezwe". Lakini kuituma nilishindwa. Wiki tatu fomu ilikaa ndani ya daftari langu la maandalio, nami nikawa mkali mpaka wanafunzi wakanikimbia.

Jumamosi moja tulikuwa tunapalilia migomba ya mama mkwe. Nikainua jembe, akanidaka mkono.

"Hapo usilime."

"Kuna nini, mama?"

"Mtoto wako."

Jamani! Miaka kumi na miwili tangu aizike! Nikamwambia, "Si ulisema haikuwa mtu?"

"Nilikukataza kulia, mwanangu, niliogopa utavunjika. Sikukwambia nimesahau."

Ndugu zangu, nililia pale pale, jembe mkononi, naye akalia. Bwana alinifungua siku ile! Fomu nikaichana. Mume wangu alinuna siku mbili, ya tatu akaniuliza tunasafiri lini kuvifuata Dar.

Cha kwanza kati ya vile viwili kilipandikizwa mwezi wa tano. Hakikushika. Nililia kwa sauti, wala hakuna aliyenizuia. Cha mwisho ni mwezi ujao. Mkiniuliza ni mtu au si mtu, ubishi huo sina elimu ya kuumaliza. Ninachojua ni damu yangu, nami nitakwenda. Asante Yesu!

Na wewe dada uliyekatazwa kulia, mtumaini Bwana. Tukitoka hapa njoo, unionyeshe kwako ni wapi nisilime.